Masikio ya Bonge

Kila asubuhi, kabla majirani hawajafungua milango, Cherehani alikuwa ameshachota maji, ameshafagia sebule, na ameshasema maneno ya kumtosha mtu mzima kutwa nzima. Jina hilo alipewa na bibi yake, ambaye enzi zake alikuwa fundi wa kushona nguo. Bibi alisema mdomo wa mjukuu wake ukianza kwenda hauna breki. Unakwenda mpaka uzi uishe, na uzi ukiisha unaendelea kutoboa kitambaa. Jina likakaa. Mwenyewe hakulichukia. Aliona afadhali kuitwa Cherehani kuliko kuitwa Bubu.

Mdogo wake, waliyemwita Bonge kwa sababu ya mashavu yake yaliyojaa, alikuwa kinyume chake kabisa. Alikuwa ameshapita miaka miwili na nusu. Alikimbia, alipanda viti, alifungua kila kisichotakiwa kufunguliwa, lakini hakuwa na neno hata moja. Akitaka kitu alinyoosha kidole na kutoa sauti ndefu, "Eee." Hata kabla sauti hiyo haijaisha, dada yake alikuwa ameshamsemea yote: anataka maji, si hicho kikombe ni kile cha bluu, jana alikunywa mengi, leo kuna joto, haya shika baba. Bonge alikunywa, akarudisha kikombe, akaondoka zake. Maisha yalikuwa rahisi hivyo.

Ule ugonjwa wa kifua ulipoenea dunia nzima, shule zilifungwa, na Cherehani, aliyekuwa darasa la sita, akawa anasomea redioni. Baba yao, dereva wa malori ya mizigo, alikwama nchi jirani baada ya mipaka kubanwa, akawa anasikika kwa simu tu. Mama ndiye aliyebaki kutoka kila siku. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa, na kazi hiyo haikuwa na likizo. Akirudi, hakuingia ndani moja kwa moja. Alioga kwenye bafu la uani, akabadili nguo, akaosha mikono kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana, kisha akaingia akiwa amevaa barakoa. Hakuivua hata sebuleni, maana Bibi alikuwa na pumu, na wote walijua ugonjwa ule ukimpata mtu mwenye pumu mambo huwa mazito. Mama alilala peke yake katika kile chumba kidogo karibu na mlango. Bonge, aliyezoea kulala ubavuni mwake, alihamishiwa kitanda cha dada.

Kabla ya hayo yote, Mama alikuwa ameanza kumpeleka Bonge kwa mwalimu wa usemi, mama mmoja aliyefanya kazi katika kitengo cha watoto pale hospitalini, akiwasaidia watoto waliochelewa kusema. Walikuwa wamekutana naye mara chache tu. Alikuwa amesema wampime mtoto masikio kwanza, lakini kabla ya kipimo, kitengo kilifungwa na chumba chake kikawekwa vitanda vya wagonjwa. Basi mambo yakaishia hapo. Majirani walimfariji Mama kwamba wavulana huchelewa. Bibi naye alikuwa na lake.

"Haraka haraka haina baraka," alisema. "Nasikia baba yake alichelewa vilevile, na leo akianza habari za safari zake, nani wa kumnyamazisha? Mwacheni mume wangu apumzike." Bibi alimwita Bonge mume wangu tangu alipozaliwa, na alimtania kwamba ndiye mume pekee duniani asiyemjibu mkewe.

Jioni moja Mama akiwa amepumzika sebuleni, simu yake ililia. Alikuwa yule mwalimu wa usemi. Alieleza kwamba ameamua kuendelea na watoto wake kwa simu, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hajui milango itafunguliwa lini. Alichohitaji ni mtu mmoja wa nyumbani anayeshinda na mtoto mchana. Mama alifumba macho kwa uchovu. Akasema yeye hushinda kazini, na mama yake, yaani Bibi, magoti yamekataa kumkimbiza mtoto.

"Mimi nipo," alisema Cherehani.

Mama alimtazama kidogo, kisha akaweka simu kwenye spika. Cherehani akatoa shikamoo, na kabla marahaba haijafika mwisho alikuwa ameshaeleza umri wake, masomo anayoyapenda, na jinsi alivyo mtu sahihi wa kumfundisha mtoto kusema, kwa sababu kusema ni kitu anachokiweza sana. Mama alicheka nyuma ya barakoa yake. Mwalimu wa usemi naye alicheka. Kisha akasema kwa upole kwamba mtoto ni wa Mama na kazi ni ya Mama. Cherehani atakuwa mkono wa Mama tu. Wala asiongeze kazi mpya nyumbani. Atumie zile zile za kila siku: kuogesha, kulisha, kucheza. Amtumie video fupi ili aone wanavyoanza.

Cherehani alianza siku iliyofuata, na alianza kama shule. Aliegemeza ukutani simu aliyoachiwa na Mama ili irekodi, akamkalisha Bonge kwenye kigoda, akasimama mbele yake ameshika kikombe cha maji juu kabisa, akamwamuru aseme maji. Ma. Ji. Maji. Hebu sema. Si unajua maji? Haya ndiyo maji. Bonge alitazama kikombe, akatoa "eee" yake. Cherehani hakumpa. Bonge akalia, akateremka, akaingia chini ya meza. Bibi alipoona hivyo alimpokonya Cherehani kikombe na kumnywesha mtoto mwenyewe.

"Mtoto hanyimwi maji kwa ajili ya neno," alimwambia mjukuu wake. "Ungekuwa polisi, sijui ingekuwaje."

Video yote hiyo, tangu kigoda hadi chini ya meza, ilikwenda kwa mwalimu wa usemi, na jioni akapiga simu. Alianza kwa kumshukuru kwa kujitahidi. Halafu akasema, "Nimeitazama mara mbili. Wewe nimekusikia vizuri sana. Bonge sijamsikia."

Cherehani akaanza kujieleza. Mtoto alikuwa mkaidi, Bibi aliingilia, kikombe kilikuwa kizito, mwanga ulikuwa mdogo. Mwalimu alimwacha amalize. Alipomaliza, upande wa pili ulikuwa kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka Cherehani akahisi simu imekatika.

"Halo? Mwalimu, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nilikuwa nakungoja tu. Umeona kilichotokea? Mimi nilipokaa kimya, wewe ulisema."

Cherehani alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

Mwalimu alimfundisha namna nyingine. Apige magoti ili uso wake uwe sawa na uso wa Bonge. Kwa kuwa mama yao analazimika kuvaa barakoa, na Bibi huogopa kusogelewa sana, uso wake yeye ndio pekee ambao mtoto anauona wote, na mtoto hujifunza kusema kwa kutazama midomo pia. Aseme neno moja, kwa utulivu. Kisha angoje. Asimsemee. Mtoto akitoa sauti yoyote, au hata akimtazama tu, hilo ni jibu, na apewe anachotaka. Maji asimnyime kamwe.

Kuna watu huona kazi ngumu ni kubeba mzigo. Kwa Cherehani, kazi ngumu ilikuwa kungoja. Alipiga magoti, akasema "Ndizi," akafunga mdomo, na mdomo ukamwasha kama umepakwa pilipili. Maneno yalijipanga nyuma ya meno yakisukumana. Bonge aliangalia ndizi, akaangalia dirisha, akajikuna tumbo. Cherehani akabana midomo. Mwishowe Bonge akauinua uso, akamtazama dada yake machoni, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya, akatoa sauti fupi. Si "eee." Ilikuwa kama "di," ila hafifu mno. Cherehani alimpa ndizi yote badala ya nusu.

Rafiki yake, binti wa kinyozi wa nyumba ya pili, aliona mabadiliko hayo kutoka upande wake wa ukuta. Wote wawili walikuwa wamekatazwa kukaribiana, kwa hiyo walizungumza kila mmoja akiwa amepanda kwenye ndoo kwake.

"Wewe unaumwa?" aliuliza binti wa kinyozi. "Tangu asubuhi sijakusikia."

"Nafanya kazi."

"Kazi gani ya kimya kimya?"

"Hiyo hiyo. Kunyamaza."

Binti wa kinyozi alifikiri kidogo. "Wewe kunyamaza? Hiyo si kazi, hiyo ni adhabu. Uliiba nini?"

Walicheka mpaka ndoo zikayumba. Lakini Cherehani alirudi kwenye kazi yake. Alifanya wakati wa kuoga, akisema "povu" na kungoja. Alifanya wakati wa kuvaa, akisema "mkono" na kungoja. Siku zikasonga. Bonge alianza kumletea vitu, kumvuta kanga, kumtazama usoni kila alipotaka jambo. Mwalimu wa usemi alifurahi sana kwa hayo na kusema ndiyo mizizi ya maneno. Ila maneno yenyewe hayakuja. Ile "di" haikukua. Siku moja, baada ya asubuhi nzima ya kungoja bila kupata hata sauti, Cherehani aliliangusha taulo la Bonge sakafuni na kumwambia Bibi kwamba anatwanga maji kwenye kinu.

"Si nilikuambia?" alisema Bibi. "Mwache. Wakati wake ukifika atasema."

Kama Bibi angembembeleza, labda angeacha. Lakini ile "si nilikuambia" ilimchoma. Aliokota taulo, akapiga magoti tena.

Jioni ya siku hiyo Mama alirudi mapema. Alioga, akabadili, akavaa barakoa safi, akasimama mlangoni. Bonge alikuwa ameketi sebuleni, mgongo kwa mlango, akipanga makopo matupu moja juu ya jingine. Mama alimwita kwa jina lake, kwa sauti ya mtu aliyemkosa mwanawe kutwa. Bonge akaweka kopo jingine. Mama akamwita tena. Mtoto hakugeuka.

Bibi, aliyekuwa kwenye kiti chake, akasema mtoto amenuna. Amesusa, kwa sababu mama yake hambebi siku hizi, na watoto nao wana kinyongo chao. Macho ya Mama yalijaa machozi juu ya barakoa, akageuka, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango taratibu.

Zamani, Cherehani angekuwa wa kwanza kutoa maelezo. Siku hiyo hakusema kitu. Alikuwa ameshazoea kutazama, na alikuwa ameona jambo. Mtoto aliyenuna husikia kwa mgongo: mabega hukaza, mkono husita, shingo hutaka kugeuka ikazuiwa. Bonge hakukaza bega wala hakusita. Aliendelea na makopo yake kama mtu aliye peke yake nyumbani.

Kesho yake Cherehani alijaribu. Alisimama nyuma ya Bonge akasema, "Ndizi." Hakugeuka. Akasema kwa sauti kubwa zaidi. Kimya. Akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, na Bonge akaruka na kugeuka. Lori lilipopita barabarani alilikimbilia mlangoni, kama kawaida yake. Cherehani akaja mbele yake, akapiga magoti, akasema "Ndizi" kwa sauti ile ile ya kwanza, na Bonge akanyoosha mikono yote miwili. Halafu akavaa barakoa, akasema tena. Bonge alimtazama kama anayetazama ukuta, akaanza kuchungulia mikono yake kutafuta ana nini. Barakoa ilipovuliwa na neno likasemwa tena, akacheka na kurukaruka.

Ili asijidanganye, alimwomba binti wa kinyozi naye amwite kutoka juu ya ndoo yake wakati Bonge anacheza uani amewapa mgongo. Binti wa kinyozi aliita kwa kila jina alilolijua, na mengine akabuni. Bonge alikuwa anafuatilia sisimizi. Hakuinua kichwa.

"Hasikii," alisema binti wa kinyozi polepole. Safari hii hakuwa na mzaha.

Cherehani alimpigia mwalimu wa usemi, akaeleza alichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Mwalimu aliuliza maswali mengi. Je, mtoto alikuwa akipata mafua mara kwa mara? Anashikashika masikio? Yamewahi kutoa usaha? Bibi, aliyekuwa akisikiliza pembeni, alijibu kwamba ndiyo, tena msimu wa baridi uliopita sikio moja lilinuka, wakalipangusa likakauka. Mwalimu aliuliza ni sikio lipi. Kisha akasema hawezi kujua kwa simu, lakini inawezekana Bonge husikia kama mtu aliyezama majini: kishindo anakipata, maneno hayamfikii. Daktari wa masikio alikuwa bado anaona wachache wasioweza kungoja, kwenye jengo la pembeni lenye mlango wake. Angemwombea nafasi.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Bibi alikataa katakata. Alisema hospitali ndiko ugonjwa uliko. Watu wanakimbia moto, na wao wanataka kumpeleka mtoto jikoni. Mama, jambo ambalo Cherehani hakulitegemea, alikuwa upande wa Bibi. Alisema yeye ndiye anayeyafua yale mashuka, yeye anajua. Wangoje ugonjwa upite, halafu watampeleka kwa utulivu.

Cherehani alikuwa na maneno ya kuijaza redio. Aliyameza. Akawaomba tu wakae, Mama kwenye kiti cha mlangoni na Bibi kwenye kiti chake, watazame. Akamketisha Bonge katikati na makopo yake, mgongo ukiwaelekea.

"Bibi, mwite wewe," alisema. "Mwite unavyomwita siku zote."

Bibi alijiweka sawa. "Mume wangu," aliita. "Mume wangu, njoo nikupe ndizi." Bonge alipanga kopo. Bibi akainua sauti yake iliyochoka. "Mume wangu wee, hutaki ndizi?" Kopo jingine.

Bibi akashika fimbo yake, akainuka, akazunguka kwa taabu mpaka mbele ya mtoto. Akainama. Kabla hajasema lolote, Bonge alimwona, uso ukamchangamka, akamkumbatia magoti. Hapakuwa na kinyongo. Hakuwa amenuna na mtu yeyote.

Bibi alibaki ameinama vile vile, mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake.

"Kumbe mume wangu hanisikii," alisema. "Miaka yote hii namtania, kumbe hanisikii."

Bibi alirudi kwenye kiti chake, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, na alipomgeukia binti yake sauti yake ilikuwa imara.

"Udongo uwahi ungali maji. Mpeleke. Mimi nitakaa na pumu yangu chumbani mpaka mrudi, na mkirudi mtaoga kwanza."

Walikwenda mapema asubuhi, kabla ya msongamano. Mama alijua milango yote ya hospitali ile. Aliwapitisha nyuma, karibu na kamba za mashuka, wasipishane na wagonjwa. Mwalimu wa usemi aliwangoja kwenye jengo la pembeni. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, na alivaa barakoa aliyoitengeneza mwenyewe, yenye dirisha dogo la plastiki mbele ya midomo. Bonge, aliyekuwa ameogopa nyuso zote zisizo na midomo, alisimama kulishangaa dirisha lile, akaligusa kwa kidole.

Cherehani alitakiwa aketi mbele ya mdogo wake wakati wa kipimo ili asiogope. Sauti zingetoka kwenye spika za pembeni, za juu na za chini, kubwa na ndogo. Bonge akigeukia sauti, kidoli kingewaka taa. Sharti moja tu: dada asitoe ishara yoyote kwa uso wala macho. Sauti ya kwanza ilipotoka Cherehani aliisikia wazi. Bonge hakugeuka. Ya pili aliisikia. Bonge hakugeuka. Moyo wake ulitamani kumsaidia, hata kwa nyusi tu, kumwambia huko, geuka huko. Aliuma meno, akakaza uso kama jiwe, maana alijua kumsemea leo ni kumdhulumu. Sauti iliendelea kukuzwa, ikakuzwa tena, mpaka Cherehani mwenyewe ikamkera. Ndipo Bonge akageuka, na taa ikawaka.

Daktari wa masikio alichungulia kwa kifaa chake chenye taa, sikio hili na lile. Alieleza kwamba nyuma ya ngoma ya kila sikio kulikuwa na majimaji mazito kama gundi, yaliyokaa humo muda mrefu. Mtoto si kiziwi. Masikio yake yamezibwa kwa ndani. Dawa peke yake zisingetosha tena. Ilifaa ngoma hizo zitobolewe kidogo na kuwekewa vibomba vidogo kuliko punje ya mchele ili hewa ipite. Mama aliuliza, kwa sauti ya kuomba, kama haiwezekani kungoja mpaka hali itulie.

"Masikio yanaweza kungoja," alijibu daktari. "Lakini huu ndio umri wake wa kuokota maneno. Ukimpita, atayaokota kwa shida."

Mama alimtazama Cherehani, kisha Bonge, aliyekuwa amelala begani kwake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, maana siku hiyo hakukuwa na namna ila kumbeba. Akakubali.

Upasuaji ulikuwa mfupi. Bonge alirudi nyumbani amechoka na mwenye hasira, na kwa siku kadhaa alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Kijiko kikigonga sahani alilia. Mlango ukifungwa alikimbilia shuka. Bibi alidhani wamemharibu. Mwalimu wa usemi aliwatuliza kwa simu, akasema wamwonee huruma. Ni kama mtu aliyetoka gizani na kuwashiwa taa zote kwa mpigo mmoja.

Kisha, alasiri moja, mvua ilinyesha. Ilianza kwa matone machache juu ya bati, halafu ikamwagika yote. Bonge alikuwa sakafuni. Aliganda. Akainua uso taratibu, akatazama dari, macho yamemtoka. Mvua zilikuwa zimenyesha tangu azaliwe, lakini ilionekana hii ndiyo ya kwanza kwake.

Bibi alifungua mdomo kumweleza. Mama, aliyekuwa mlangoni akikung'uta mwavuli, naye alikuwa anaanza. Cherehani akainua mkono kuwaomba wote wanyamaze. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akamtazama, akangoja. Bonge alinyoosha kidole juu. Hakutoa "eee." Alimtazama dada yake midomoni, akaikunja ya kwake, akaikunjua, kama anayejaribu kiatu kipya.

"Nini?" aliuliza.

Ilisikika wazi kabisa, juu ya kelele zote za bati.

"Mvua," Cherehani alimjibu. Bibi alikuwa akilia bila kujificha. Mama alikaa chini pale pale mlangoni, mwavuli mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

Walimpigia simu mwalimu wa usemi hapo hapo, Mama akaiweka kwenye spika ili Bibi naye asikie. Mwalimu alitaka kuelezwa mara mbili. Alisema safari bado ni ndefu, maneno mengine yatakuja kwa kusuasua, na kazi ya nyumbani iendelee kila siku kama ilivyokuwa. Halafu akasema na Cherehani.

"Mwanangu, ugonjwa huu umefunga shule na mipaka, lakini haukuweza kuwafunga watoto wasikue. Mtoto hangoji mambo yatulie. Ndiyo maana mtu akiona mtoto hasemi, hasikii au hatembei kama wenzake, asikae akisema yatajirekebisha yenyewe. Atafute msaada mapema. Na msaada ukiwa mbali, aanze na alichonacho ndani ya nyumba. Wewe ulikuwa na magoti ya kupiga na macho ya kutazama. Uliponyamaza ndipo ulipoona, na ulichokiona hukukiacha mpaka wakubwa wako nao wakakiona."

Mama alisema amina, kama vile ameombewa dua.

Cherehani alitaka kushukuru, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya hilo. Lakini Bonge alikuwa amemshika kidole akimvuta dirishani, ambako maji yalikuwa yakishuka kutoka bati la jirani na kufanya mfereji uani, na ndani ya mfereji kulikuwa na jani lililokuwa likizunguka. Akampa Mama simu. Akapiga magoti, uso kwa uso na mdogo wake, akangoja aulize.